Usimlaumu muuza runinga kabla hujapanda paani

Kuna maneno nimeyasikia hapa Mombasa, Tudor, nikayasikia Majengo, na juzi nikayasikia kwenye matatu ya Kisauni mtu akiyasema kwenye simu kwa hasira: "Nimeuziwa TV mbovu." Ukimwachia aendelee, maelezo ni yale yale. Runinga ni mpya, plastiki bado haijabanduliwa usoni, YouTube yaonyesha vizuri, flashi yasomeka, lakini stesheni za antena zinaganda, sauti inakatika, na nyingine hazionekani kabisa. Basi runinga ni mbovu, na kesho asubuhi mtu yuko dukani na risiti mkononi.

Mara nyingi si mbovu. Zipo zinazotoka kiwandani na kasoro, sikatai. Lakini katika zile nilizoitwa kuziangalia, ugonjwa ulikuwa kwenye kitu ambacho hakikuja na sanduku: waya, jeki (kile kichwa cha waya kinachochomekwa), antena yenyewe, au kile kidude cha kuongeza nguvu ambacho hapa kwetu twakiita busta. (Mimi si fundi wa kulipwa. Ni yule mtu wa ukoo ambaye ikishajulikana aliwahi kushika bisibisi, basi hana Idi wala Jumapili.)

Kisa kilichonifanya niandike ni cha nyumbani kwa mamangu, Tudor, ghorofa ya tatu. Alikuwa na runinga ya zamani na kisanduku cha king'amuzi pembeni. Kwa miezi kadhaa picha ilikuwa ikiganda, hasa jioni, na saa ya kuganda ilikuwa ni ile ile anayoitaka yeye: taarifa ya habari ya saa moja. Akaamua kisanduku kimezeeka na runinga imezeeka. Ndugu zangu wakachanga, ikanunuliwa ya inchi 43 ambayo ina tyuna yake ndani, yaani kipokezi cha stesheni, haihitaji kisanduku. Kijana aliyeileta akachomeka waya, akabonyeza kutafuta stesheni, mstari ukatembea hadi asilimia 100, na jibu likawa: stesheni sufuri.

"Ile mbovu yaonyesha, hii mpya haionyeshi," mama akaniambia kwenye simu. "Sasa mwanangu, mpya ni ipi hapo?"

Kijana wa duka naye akasema huenda "mawimbi ya huku Tudor ni dhaifu" na akapendekeza busta kubwa zaidi. Akaondoka. Hapo ndipo nikaitwa mimi.

Kabla sijafika paani, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila hili mambo mengine hayataeleweka. Mombasa tumekuwa na televisheni tangu 1970, wakati kituo cha kurusha matangazo kilipofunguliwa huku miaka minane baada ya Nairobi kuanza. Kwa zaidi ya miaka 40 picha ilikuja kwa analogi, na analogi ilikuwa na tabia moja ya kiungwana: ikidhoofika, inadhoofika polepole. Unaona chenga, kisha chenga zaidi, kisha vivuli, mtu mmoja ana pua mbili, lakini mpira unaufuata. Ukizungusha bomba la antena huku mtoto dirishani akipiga kelele "hapo! hapo! umepitisha!", ulikuwa unaona kwa macho kama unakaribia au unapotea.

Mwaka 2006 nchi zilikubaliana Geneva, chini ya shirika la kimataifa la mawasiliano, kwamba analogi katika masafa ya UHF ikome kulindwa ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Kenya ikahamia dijitali kwa mfumo wa DVB-T2. Mombasa tulizimiwa analogi mwanzoni mwa 2015, na wengi mnakumbuka zile wiki za Februari na Machi ambazo Citizen, NTV na KTN hazikuwepo hewani kwa sababu ya mvutano na serikali kuhusu nani atarusha matangazo ya dijitali na lini. Mvutano ulipoisha tukabaki na makampuni ya kurusha, yakiwemo haya matatu: Signet ya KBC, PANG ya Wachina, na ADN ambayo ni ya vyombo hivyo vya habari vyenyewe. Msiyasahau hayo matatu, nitayarudia.

Tabia ya dijitali ni nyingine kabisa. Kipokezi kinapokea namba, si picha, na pamoja na namba hizo kunatumwa hesabu za ziada za kusahihisha makosa. Makosa yakiwa machache, kipokezi kinayasahihisha yote na wewe unaona picha safi kabisa, hata kama mawimbi yako hoi. Yakizidi kidogo tu ya pale, hesabu zinashindwa, na picha inavunjika miraba miraba, inaganda, inazimika. Hakuna chenga za kukuonya. Unaweza kukaa mwaka mzima na antena iliyolegea, picha inang'ara, kisha siku moja jeki ikashika kutu kidogo zaidi na ukaamka huna kitu. Na hapo ndipo watu wanapopotea: kwa sababu jana ilikuwa safi, wanadhani kilichobadilika leo ni kikubwa. Kumbe kimebadilika kitu kidogo, na runinga ilikuwa imesimama ukingoni muda mrefu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya kwa mama halikuwa kutafuta stesheni upya. Nawasihi msilifanye hilo haraka. Runinga nyingi ukiziambia zitafute upya huanza kwa kufuta zote zilizohifadhiwa, kisha zinahifadhi zile tu zinazoonekana dakika ile. Ukitafuta wakati mawimbi ni mabaya, unapoteza hata zile ambazo zingerudi zenyewe baada ya mvua. Tafuta ukishatengeneza.

Badala yake nilifungua menyu na kwenda kwenye utafutaji wa mkono, ile sehemu unayochagua namba ya chaneli mwenyewe. Huko, kwenye runinga nyingi za sasa, kuna mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Watu hutazama wa kwanza, lakini wa kuutegemea ni wa pili. Nguvu inakuambia kuna kiasi gani cha kitu chochote kinachoingia kwenye waya, pamoja na kelele. Ubora unakuambia ni kiasi gani cha hicho kinasomeka. Nguvu 90 na ubora 20 ni picha iliyoganda. Nguvu 45 na ubora 95 ni taarifa ya habari bila tatizo.

Kwa mama, mistari yote miwili ilikuwa chini kabisa. Hiyo si dalili ya mawimbi dhaifu ya mtaa, maana dirishani naona antena za majirani kibao zikifanya kazi. Hiyo ni dalili ya waya kutofika.

Nikatazama nyuma. Runinga hizi mpya mara nyingi huwa na matundu mawili yanayofanana: moja la antena ya kawaida, laini, la kusukuma, jingine la dishi la setilaiti, lenye nyuzi za kuzungusha. Waya wa ukutani ulikuwa na jeki ya kuzungusha, na yule kijana akaizungusha palipokubali. Yaani antena ya paani ilikuwa imeunganishwa kwenye tundu la setilaiti, na kwenye menyu runinga imeambiwa itafute antena. Nilicheka peke yangu. Nikabadilisha jeki, nikasukuma kunakotakiwa, nikatazama mistari. Nguvu ikapanda kidogo sana. Ubora sufuri.

Hapo ndipo penye jambo ambalo naona wengi hawalijui, na ndilo linaloeleza kwa nini "ile mbovu yaonyesha, hii mpya haionyeshi". Antena nyingi zilizouzwa wakati wa kuhamia dijitali zina busta ndani yake au kwenye bomba. Busta ni kifaa cha umeme, na umeme wake hauji kwa waya mwingine. Unapanda kwa waya ule ule wa antena, volti 5, ukitokea kwenye king'amuzi. Mwenye nyumba hajui kama kisanduku chake kimekuwa kikilisha busta miaka yote. Siku anapokiondoa na kuchomeka waya moja kwa moja kwenye runinga mpya, busta linakosa umeme. Na busta lisilo na umeme halirudi kuwa waya wa kawaida. Linaziba njia. Mawimbi yanayofika ni mabaki.

Baadhi ya runinga zenye tyuna ya DVB-T2 zinaweza kutoa hizo volti 5, lakini hutoka kiwandani zikiwa zimezimwa. Kwenye menyu ya antena kuna kipengele cha umeme wa antena, pengine kimeandikwa tu "5V". Nikakiwasha. Mistari ikaruka. Nikatafuta stesheni, zikaja zaidi ya 40. Mama akaketi kwenye kiti chake, akauliza kama sasa ameruhusiwa kushika rimoti.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa na kisa kifupi na kizuri. Jioni picha ikaganda.

Si zote. Nilimwambia mpwa wangu aandike kwenye karatasi zipi zimeganda na zipi ziko sawa. Hii ndiyo kazi muhimu kuliko zote na haihitaji kifaa chochote. Katika dijitali stesheni haisafiri peke yake. Masafa mamoja, yenye upana wa megahezi 8, hubeba fungu zima la stesheni, kumi au ishirini kwa pamoja, na kila kampuni ya kurusha ina masafa yake. Ndiyo maana Citizen, NTV na KTN mara nyingi hupotea kwa pamoja na kurudi kwa pamoja huku KBC ikiendelea bila habari: ziko kwenye fungu moja. Kwa hiyo ukiwa na karatasi yako unajua. Imepotea stesheni moja tu? Tatizo ni la stesheni, lala salama. Limepotea fungu zima? Ni masafa hayo: ama mtambo wao, ama kuna kitu kinachokuharibia masafa hayo tu. Zimepotea zote? Ni wewe, waya wako na antena yako.

Karatasi ya mpwa wangu ilionyesha fungu moja likiganda sana, la pili kidogo, la tatu likiwa imara. Na hali hii ilianza kama saa kumi na mbili jioni, ikaisha usiku wa manane. Kila jioni. Ile ile saa ambayo king'amuzi cha zamani kilikuwa kikiganda, kile tulichokitupia lawama za uzee hadi tukanunua runinga.

Hapo nikapanda paani, na sikupanda peke yangu maana mlinzi wa jumba hakubali mtu apande bila yeye. Mapaa ya majumba ya Tudor mnayajua: matangi ya maji, kamba za nguo, madishi ambayo wenyewe walihama zamani, na antena za kila umri. Zile kubwa zenye vijiti vya karibu mita moja ni za analogi ya VHF, masafa ya chini ya zamani. Kwa masafa ya leo zimebaki kuwa vituo vya kunguru. Televisheni ya sasa iko kati ya megahezi 470 na 694, ambapo wimbi moja lina urefu wa kati ya sentimita 64 na 43, na kijiti cha antena kinatakiwa kiwe nusu ya hapo, yaani urefu wa rula ya shule au pungufu. Ukiona antena yako ina vijiti virefu kuliko mkono wako, shida umeipata bila kutumia kifaa.

Ya mama ilikuwa ya vijiti vifupi, sawa. Lakini ilikuwa imegeuka. Kwa Kisiwani antena nyingi zinaangalia bara, kaskazini magharibi, kwenye miinuko ya Mazeras, kama kilomita 15 hadi 20 hivi. Ya mama ilikuwa inaangalia Nyali. Sijui ni upepo wa kusi au ni kunguru. Wale ndege wa Mombasa wakishatua watatu kwenye kijiti kimoja wana uzito wa kugeuza bomba ambalo halikukazwa. Wanang'oa pia nyaya kwa ajili ya viota, kwa hiyo kagua waya wote hadi ulipoingia dirishani, usitosheke na kutazama juu tu. Nikairudisha, nikailinganisha na za majirani, na si mwelekeo tu. Angalia pia kama vijiti vyao vimelala au vimesimama wima. Mawimbi hurushwa yakiwa yamelala au yamesimama, na antena iliyogeuzwa ubavu hupoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi hata kama imelenga sawasawa.

Kisha jeki. Nilipofungua ile ya kwenye antena, ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani ulikuwa mweusi, na sehemu nyingine kijani. Hewa yetu ina chumvi. Vitu ambavyo Nairobi vinakaa miaka 15, hapa vinaliwa kwa miaka mitatu. Maji yakishaingia kwenye jeki hayabaki pale. Yanatambaa ndani ya waya kwa kufuata ule wavu, na unaweza kukata mita nzima bado ukakuta weusi. Nilikata hadi nikaona shaba inang'aa. Ukifunga jeki mpya hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa wavu uliogusa waya wa katikati. Unywele mmoja unatosha kuzima kila kitu, na kama volti 5 zimewashwa runinga itakuandikia kwamba antena ina shoti. Funga kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, si selotepu ya karatasi. Na uache waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye jeki, ili tone la mvua lidondoke pale badala ya kuingia.

Waya wenyewe ulikuwa ule mwembamba. Kwa masafa haya waya mzuri wa RG6 hupoteza kama desibeli 4 kwa kila mita 20, na mwembamba hupoteza zaidi. Ukipoteza desibeli 3 umepoteza nusu ya mawimbi. Ukiweka spilita ya kugawa runinga mbili, umepoteza zaidi ya nusu tena. Nyumba nyingi nimekuta spilita ya njia nne inayolisha runinga moja, njia tatu zikiwa wazi, kwa sababu mpangaji aliyepita alikuwa na watoto wengi. Itoe.

Baada ya yote hayo, mwelekeo, jeki, waya, mchana mistari ilikuwa mizuri sana. Jioni fungu lile likaganda tena.

Sasa nikatazama nilichokuwa nimekiona pale paani bila kukitilia maanani: kwenye jumba la jirani, karibu kabisa, kuna mnara wa simu. Antena zake, yale mabamba meupe marefu, moja linaangalia kwetu. Mama akakumbuka ulijengwa mwaka uliopita. Wapangaji walilalamika kuhusu vumbi.

Masafa ya megahezi 700 na 800 ambayo leo yana 4G yalikuwa ya televisheni. Televisheni ilipohamia dijitali ilibanwa chini, na nafasi ya juu ikapewa simu. Lakini mabusta mengi yaliyoko mapaani yalitengenezwa kwa ajili ya masafa ya zamani, 470 hadi 862, kwa hiyo yanapaza televisheni na simu bila kuchagua. Kumpa busta mtu aliye karibu na mnara ni kama kumpa kipaza sauti mtu aliyesimama katikati ya soko la Kongowea: kitapaza maneno yake na kelele za wachuuzi wote. Tena busta likiingiziwa mawimbi makali kupita uwezo wake linaanza kutengeneza uchafu wake lenyewe, na uchafu huo unaangukia kwenye masafa ya televisheni. Kwanza unagusa yale yaliyo karibu na simu, yaani ya juu, na yale ya chini yanabaki salama. Fungu lililoganda la mama lilikuwa ndilo la juu kabisa kati ya matatu. Na jioni ni saa ambayo mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mtu yuko kwenye simu, kwa hiyo mnara unafanya kazi kwa nguvu zote.

Dawa ina namna mbili. Ipo filta ndogo ya kuzuia 4G, unaiweka kati ya antena na busta. Ikiwekwa baada ya busta, haisaidii, maana uchafu umeshatengenezwa. Kwa mama busta liko ndani ya antena yenyewe, hakuna pa kuweka filta mbele yake. Basi nikafuata njia ya pili, ambayo ni rahisi na mafundi hawaipendi kwa sababu hakuna cha kuuza: nikaitoa ile antena nzima na kuweka ya kawaida isiyo na busta kabisa, vijiti na waya tu. Kisha nikazima zile volti 5.

Nguvu ya mawimbi ikashuka hadi karibu nusu. Mpwa wangu akashtuka, "Anko, umeharibu!" Nikamwambia asome mstari wa pili. Ubora ulikuwa juu kabisa kwenye mafungu yote matatu, na jioni ukabaki hapo hapo.

Kilomita 20 na uwazi wa kutosha hazihitaji busta. Hili nalisema kwa wote wa Tudor, Kizingo, Changamwe, Mikindani. Wa Mikindani na Miritini, mlio karibu zaidi na Mazeras, nyinyi ndio mnaoweza hata kupata mawimbi makali kupita kiasi. Busta lina kazi yake: waya mrefu sana, au mnagawana antena moja nyumba nzima. Hapo linakaa juu karibu na antena kabla waya haujapoteza chochote, si chini nyuma ya runinga ambapo mawimbi yameshachoka na unachokipaza ni uchovu.

Kwa wale wa Mji wa Kale nina pole. Kuta za matumbawe ni nene, zina unyevu, na vichochoro havina uwazi. Antena ya ndani iliyobandikwa nyuma ya runinga haitafanya kazi huko, na hata kwingine ni mahali pabaya, kwa sababu runinga yenyewe na waya wake wa HDMI hutoa kelele. Pandeni juu. Wenye paa la mabati nao wasiweke antena darini chini ya bati. Bati halipitishi mawimbi. Makuti yanapitisha, ingawa yakilowa mvua yanapunguza.

Ami yangu wa Vanga husimulia kwamba enzi za analogi, usiku wa kaskazi, hewa imetulia na bahari imelala, walikuwa wakipata TVZ ya Zanzibar ikiwa na rangi, wakati Kenya bado tulikuwa tukitazama nyeusi na nyeupe. Hilo si hadithi tu: hewa kavu ya joto ikikaa juu ya hewa yenye unyevu ya baharini, mawimbi hujipinda na kusafiri mbali sana juu ya maji. Leo jambo hilo hilo linaweza kukuletea mawimbi ya mbali usiyoyataka juu ya masafa yako, na ukaganda siku mbili tatu bila sababu nyumbani kwako. Kama ni usiku wa namna hiyo na Pwani nzima inalalamika, usipande paani.

Na mwisho, wale wenye runinga iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Hiyo haina ugonjwa na haina dawa ya antena. Tyuna yake ni ya mfumo wa ATSC, haisomi DVB-T2 hata ukiiweka chini ya mnara wa Mazeras, na nyingine hazitaki hata umeme wetu wa volti 240. Zilizonunuliwa nchi nyingine soma karatasi: ikiandikwa DVB-T bila ile 2, haitasoma matangazo yetu. Tafuta king'amuzi cha stesheni za bure, kichomeke kwa HDMI, na usisahau kuwa sasa ndicho kitakacholisha busta, kama bado unalo. Stesheni za kulipia nazo, hata zikija kwa antena hiyo hiyo, zimefungwa kwa kadi. Runinga itazitaja majina kwenye orodha lakini haitazifungua, na hakuna fundi wa kuzifungua kwa kuzungusha bomba, hata akikuahidi.